Filimbi Niliyoipiga Makambako

Tangu nirudi mmeniuliza swali lile lile kwa midomo tofauti. Mkamburi aliniuliza kwa upole. Juma wa duka la simu aliniuliza mbele ya wateja. Shangazi alimuuliza mama huku mimi nimesimama pale pale na sufuria mkononi: ni kweli Wakio alifukuzwa Tanzania?

Nijibu kwanza, ili waliokuja kwa hilo tu waende zao. Tanzania haikunifukuza. Lililonitoa ni shirika lililonipeleka, wiki mbili kabla ya muda wangu kwisha, na halikunipa cheti. Nikiambiwa leo niirudie ile Jumamosi nitairudia vilevile, ila nitavaa sweta la pili.

Nilichokifuata mnakijua. Sijasomea ukocha. Mpira wa pete nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikisimamisha video kila baada ya hatua moja na kuichora kwenye daftari. Nimeomba kufundisha wasichana katika shule nne hapa Voi, na zote nne zimeniuliza kitu kimoja. Shirika lilisema ukijitolea miezi mitatu kufundisha michezo Njombe, mwisho unapewa cheti. Kwa hiyo, mbali na maneno mazuri niliyoyaandika kwenye maombi, safari yangu yote ilikuwa karatasi moja yenye mhuri na jina langu.

Voi hadi Holili

Nilibeba pete mbili za chuma. Nilizichomelesha kwa fundi wa hapa Voi nikamsimamia mpaka akachoka nami, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imezidi kwa upana wa kidole na nikamfanya aikate upya. Zilikuwa nzito kuliko nguo zangu zote.

Mpakani mkaguzi alifungua begi, akazitoa, akaziinua juu kama mtu anayekagua samaki.

"Dada, hizi ni nini?"

"Ni pete."

Akatazama vidole vyangu, akatazama zile pete. "Huyo mchumba wako ana kidole."

Watu nyuma yangu walicheka. Mimi, badala ya kucheka, nilianza kumweleza kipimo cha pete kinavyotakiwa kuwa na urefu wa nguzo yake. Nilieleza mpaka yeye mwenyewe akaniomba nipite. Hivyo ndivyo nilivyo, mnanijua. Nikiogopa, natoa vipimo.

Moshi hadi Makambako

Basi liliondoka Moshi kabla ya jua na mpaka Ruaha Mbuyuni nilikuwa nimeshapanga upya ratiba yangu ya mazoezi mara mbili. Nilikuwa na vipindi themanini na vinne, kila kimoja na lengo lake, nimevipaka rangi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Wanging'ombe aliyetoka kumtembelea binti yake. Pale Ruaha abiria wote walinunua vitunguu kana kwamba kwao vimeisha, na yeye akanunua ndoo nzima, akaiweka juu ya miguu yangu bila kuuliza.

Kwenye mlima wa Kitonga lori lilikuwa limekwama katika kona. Tukakaa saa nne. Konda alisema ni dakika kumi, kisha akasema dakika kumi nyingine, kisha akaacha kusema. Tulishuka tukasimama kando ya barabara. Yule mama akanipa nusu ya muhindi wake wa kuchoma.

"Unaenda wapi na vyuma?"

"Njombe. Kufundisha mpira wa pete."

"Wanakulipa?"

"Hapana, najitolea."

Akatafuna kwanza. "Kwenu hakuna watoto?"

"Wapo."

"Hawapendi mpira?"

"Wanapenda. Shule hazinitaki, mama. Sina cheti."

"Ahaa." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata dawa ya kikohozi chake. "Kwa hiyo wa kwetu ndio utakaojifunzia."

Niliugua kwa neno hilo mpaka juu ya mlima. Lilikuwa kweli, na halikusemwa kwa ubaya, ndiyo maana liliuma. Tulipokaribia Makambako alivua shuka lake la pili akanifunika mabegani. "Umevaa kama unakwenda harusini Tanga," akasema. "Huko mbele kuna upepo." Tulifika giza limeshaingia, nikalala gesti ya stendi na shuka la mtu nisiyemjua hata jina.

Makambako, asubuhi

Upepo wa Makambako hauvumi, unakusukuma. Ulinisukuma hadi mgahawani, nikaketi, nikamwambia dada aliyekuwa anahudumia, "Lete chai na chapati mbili."

Akasimama akanitazama. "Kwani unanidai?"

"Sijakuelewa."

"Mkenya huyu," akasema mzee wa meza ya jirani bila kuinua macho kwenye supu yake. "Wao ndivyo wanavyosema. Mpe tu, hana ubaya."

Nilisema naomba. Niliomba chai, niliomba chapati, niliomba sukari na niliomba kijiko, mpaka yule dada akaanza kucheka na kuniambia inatosha. Kisha nikapanda gari la Njombe. Nikiwa njiani niliandika kwenye daftari: "Kuomba." Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Mjimwema

Nilikaa kwa Mama Upendo, mwisho kabisa wa Mjimwema, mahali nyumba zinapoachana na mashamba ya viazi kuanza. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mwenye sauti kubwa hata anapokuuliza kama umelala vizuri. Alinilisha viazi asubuhi, ugali na parachichi mchana, na maharage usiku, na kila nilipoacha chakula sahanini alichukulia kwamba naumwa.

Timu ilikuwa ya wasichana kumi na mmoja wa mtaa ule, wa miaka kumi na minne hadi kumi na sita. Nahodha alikuwa Faraja, mdogo wa umbo, asiyesema sana. Mfungaji alikuwa Skola, mrefu, anayesema kwa niaba ya wote. Nguzo za goli tulizipata kwa fundi mbao: vipande vya nguzo za umeme zilizokataliwa kwa kupinda. Pete zangu za vipimo kamili zikafungwa kwenye nguzo zilizoinama kama walevi wawili wanaosalimiana. Sikulala vizuri siku hiyo.

Ratiba ilisema saa kumi kamili. Wasichana walikuja saa kumi na robo, saa kumi na nusu, wengine na udongo wa viazi hadi magotini. Ulikuwa mwezi wa saba, asubuhi sakitu, ile barafu nyembamba, inatanda juu ya majani, lakini walicheza miguu mitupu. Niliwauliza kama hawana viatu.

"Tunavyo," akasema Skola. "Vya kanisani. Wewe unavaa vya kanisani shambani?"

Basi kila siku nilisimama katikati ya uwanja saa kumi kamili nikapiga filimbi kwa nguvu, hata kama nilikuwa peke yangu. Nilidhani nawafundisha nidhamu.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nilipiga filimbi na hakuna aliyekuja. Nikapiga tena. Nilipiga kwa dakika arobaini. Nakiri nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimeanza kutunga kichwani hotuba ya kuwaambia kwamba bila kujituma hakuna kitu. Ndipo akapita mama mmoja amebeba kuni kichwani.

"Kamwene, kocha. Unamwita nani?"

"Kamwene, mama. Wasichana wangu. Wamechelewa."

"Hawajachelewa. Wako pale." Akageuza shingo taratibu na mzigo wake, akanionyesha nyumba ya tatu kutoka uwanjani, yenye moshi mwingi na watu wamekaa nje. "Mzee amefariki alfajiri. Tunakusikia wote. Mchungaji anaomba, filimbi yako inaitikia amina."

Kule, mtu akifariki, mpaka azikwe jembe halitoki nyumbani. Mpira nao hautoki. Hakuna anayetangaza, kwa kuwa hakuna asiyejua. Mimi peke yangu ndiye sikujua, na mtaa mzima ulinisikiliza nisivyojua kwa dakika arobaini.

Nilitaka kufunga begi. Nasema kweli, nililitoa chini ya kitanda. Mama Upendo akalirudisha kwa mguu wake, akanipa bakuli la unga, akasema, "Twende tukahani."

Njiani nilikuwa nakariri maneno ya kuomba radhi. Yalikuwa ukurasa mzima. Hakuna aliyeyataka. Wanawake walinipa kisu na karai la viazi, nikakaa kwenye kigoda nikamenya. Mnanijua ninavyomenya. Nilitaka vyote vilingane.

"Huyu anamenya kiazi au anakichonga?" akauliza mmoja.

"Mwache, Kenya viazi vina pembe," akasema mwingine, wakacheka kwa chini, kicheko cha msibani.

Karibu na moto alikuwa ameketi bibi yake Faraja, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Akaniita kwa kidole.

"Wewe ndiye mwenye filimbi?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo. Nisamehe sana, sikujua."

"Marahaba. Inaniamsha kila siku. Mchana ndio usingizi wangu, wewe unaukata." Akasogeza kuni motoni. "Nikishaamka nawauliza hawa wamefunga mangapi. Wananidanganya. Jana walifunga mangapi?"

"Manne, bibi."

"Wameniambia kumi na mbili," akasema, akamtazama Faraja, na Faraja akajificha nyuma ya Skola.

Kuanzia siku ile niliacha filimbi ya saa kumi. Wasichana wenyewe ndio waliokuja kuniambia niirudishe, maana bibi amelalamika kwamba siku hizi anaamka amechelewa.

Njombe mjini

Mafunzo yalifungwa kwa bonanza la siku moja huko Makambako, wiki mbili kabla ya muda wetu kwisha. Timu zote za mradi zingecheza, wageni wa shirika wangekuja kutazama, na baada ya fainali makocha wangepewa vyeti vyao hadharani. Sharti lilikuwa moja: timu yako iingie uwanjani.

Bibi yake Faraja alifariki Alhamisi. Mazishi yakapangwa Jumamosi, siku ya bonanza.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa mratibu wetu, Denis. Denis si mtu mbaya. Ni kijana nadhifu mwenye meza safi, na nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu kalamu zake zilikuwa zimepangwa. Nilimweleza. Akanipa pole ya kweli. Kisha akasema:

"Lakini timu lazima ije, Wakio. Wageni wametoka mbali."

"Wasichana hawawezi kutoka msibani."

"Nimeelewa. Pale karibu na soko kuna wasichana wanacheza pete, wazuri tu. Chukua saba, wavalishe jezi."

"Hao si timu yangu."

"Wageni wataona jezi," akasema taratibu, kama anayenisaidia hesabu. "Jezi hazina sura."

Hapa ndipo rafiki zangu mnapotaka niseme nilipiga meza nikatoka. Sikupiga meza. Nilikwenda sokoni. Niliongea na wale wasichana, na usiku ule niliandika majina yao saba kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, kila mmoja na nafasi yake. Nililala nikiwaza kama jina langu kwenye cheti litaandikwa na herufi zote. Hiyo ndiyo sehemu ya habari hii ninayoionea aibu, na ndiyo maana naiandika bila kuificha.

Asubuhi nikapita kwanza msibani, begi la jezi begani. Gari la kuwabeba wale saba wa sokoni lilikuwa liondoke saa mbili. Skola alikuwa anachota maji. Akaliona begi.

"Kocha, jezi za nini? Leo tunazika na jezi?"

Nikalishusha begi chini.

"Umewapa wengine?"

"Bado," nikasema.

Nililisikia hilo neno likitoka mdomoni mwangu, na nilitamani ardhi inimeze pamoja na ndoo yake. Skola hakukasirika. Aliweka ndoo chini akajifuta mikono.

"Basi wape. Ila ile yangu nimeishona mwenyewe kwapani. Hiyo niachie."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia Denis.

"Hatuji," nikasema.

"Nani hamji?"

"Timu ya Mjimwema. Tuna msiba."

"Wakio, unajua maana yake. Mpinzani wako anapewa ushindi wa mezani. Na wewe bila timu uwanjani siwezi kukuita jukwaani. Cheti chako je?"

"Kaa nacho," nikasema. Nikakata simu, nikaomba kisu, nikaanza kumenya viazi. Vilitoka vikubwa na vidogo, na sikuvilinganisha.

Njombe hadi Makambako

Tulizika mapema, saa saba mchana ilikuwa imekwisha. Baada ya shada la mwisho, baba mdogo wa Faraja alisimama kutoa matangazo ya familia, kama desturi. Ni mwenye Fuso la kubeba viazi, mtu mzito, anaongea kama anayeshusha magunia. Alishukuru kwaya, akashukuru waliochimba kaburi, akasema chakula kipo na mtu asiondoke bila kula. Kisha akatafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Marehemu mama yetu alikuwa na ugomvi na mtu mmoja hapa," akasema. Watu wakageuka. "Alilalamika filimbi ya huyu Mkenya inamkatisha usingizi. Kila siku. Na kila siku alikaa akiisubiri. Nimeambiwa leo hawa mabinti walikuwa na mechi Makambako wakaiacha ili wamzike. Mama sisi tumeshamzika. Jembe litoke kesho, ila hawa watoke leo. Faraja atabaki na shangazi zake, ndivyo inavyotakiwa. Wengine wale haraka. Gari langu liko pale."

Makaburini watu walicheka huku wanajifuta machozi. Nilimwambia kwamba bonanza litakuwa limekwisha tutakapofika. Akanijibu, "Mimi nimesema gari liko pale. Sijasema saa."

Mama Upendo alipanda nasi, na mama yake Skola. Faraja alikuja hadi kwenye gari, akatoa kitambaa cha unahodha, akamfunga Skola mkononi. Wasichana walikuwa kumi walioruhusiwa, lakini wanne walikuwa ndugu wa marehemu kwa upande mmoja au mwingine, nao wakabaki. Tuliondoka na wachezaji sita, pungufu kwa mmoja. Mimi nilikuwa na hofu ya kila kona ya barabara ile, na hofu hiyo ilikuwa sahihi: kupakia watoto juu ya lori la viazi si jambo la kuiga. Walikaa chini wameegemea magunia matupu, wakaimba pambio za msibani hadi zilipoisha, kisha wakaanza za mpira.

Makambako, jioni

Tulifika saa tisa na nusu. Wageni walikuwa wameondoka. Vijana walikuwa wanakunja mahema, na viti vimepangwa juu ya viti. Timu tuliyopaswa kucheza nayo, ya Makambako pale pale, ilikuwa imekaa kwenye majani inakula pilau, na kocha wao, Mwalimu Sanga, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya sufu, alikuwa anagawa nyama kwa haki kabisa.

Aliwaona wasichana wangu wakishuka, udongo mwekundu wa kaburi ungali miguuni. Hakuuliza kwa nini tumechelewa.

"Mmetoka kuzika?"

"Ndiyo, mwalimu. Bibi wa nahodha."

Akaweka sufuria chini. Timu yake ikasimama nyuma yake, wakaja kwa mstari, kila mmoja akampa kila mmoja mkono. Poleni. Tumepoa. Poleni sana. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeharakisha. Walipomaliza, nahodha wao, msichana mwenye pengo la meno ya mbele, akamgeukia mwalimu wake.

"Zile pointi walizotupa asubuhi ni za hawa?"

"Ni za hawa."

"Mimi pointi za msiba sili," akasema. Akaanza kuvua sweta.

Denis alikuja mbio kutoka kwenye mahema na orodha yake ya vifaa. Uso ulikuwa umechoka. "Hapana, hapana. Programu imefungwa. Waamuzi wameondoka. Mtoto akivunjika mguu sasa hivi nani anajibu? Wakio, mmekuja na nini?"

"Na Fuso."

Akashika kichwa.

"Mimi nitasimamia nusu ile," akasema Mwalimu Sanga, "mwenzangu asimamie hii. Miguu yao ni yao, na wazazi ndio hao."

Mama Upendo akasema, kwa sauti yake ya kwaya, kwamba yeye ndiye mzazi na mwenye swali amuulize.

Denis akanivuta pembeni. "Sikiliza. Mpaka sasa naweza kuandika kwamba ulipata dharura, na cheti ukapata kwa kundi lijalo. Nimeshaanza kuandika hivyo. Ukipiga hiyo filimbi, sitaweza kukutetea."

Ninawaambia ninyi mnaonijua: tangu nizaliwe sijawahi kuvunja kanuni mtu akiniangalia. Mimi ndiye niliyerudi dukani kilomita mbili kurudisha chenji iliyozidi. Nilitazama pete za uwanja ule, zilizonyooka kabisa. Nilitazama wasichana sita wanaoruka ruka kupasha miguu joto.

"Usinitetee," nikamwambia. Nikapiga.

Tulifungwa, tena vizuri. Ishirini na sita kwa kumi na saba. Upepo wa pale unauchukua mpira ukiwa hewani unaupeleka kushoto, na wale wenyeji wanalenga kulia wakijua utarudi. Sisi tulilenga petini kama nilivyowafundisha. Vipindi themanini na vinne, na hata kimoja hakikuwa na upepo. Mwalimu Sanga hakupunguza mchezaji ili tulingane sita kwa sita, nami namshukuru, maana angepunguza angekuwa ametudharau. Mara tatu nilimwadhibu Skola kwa kutembea na mpira.

"Kocha, uko upande gani?" akapiga kelele.

"Upande wa mstari! Toa mpira!"

Robo ya tatu akaanza kulenga kulia. Hakuna aliyemwambia, aliwatazama wenzake akaona. Akafunga sita mfululizo, na kila alipofunga, wale wa Makambako walilalamika kana kwamba ameiba kitu cha nyumbani kwao. Baadaye walitugawia pilau lao lililopoa. Skola alinikalia mbali, akala, kisha akasogea.

"Kumi na saba," akasema. "Leo bibi tungemwambia thelathini."

Kurudi

Jumatatu Denis alinipa barua ya kunisimamisha na nyingine ambayo haikuwa na sahihi. Ya pili ilikuwa ya kuomba radhi, ameshaniandikia, nitie jina tu, na suala la cheti lingefikiriwa upya. Niliisoma mara tatu. Ilisema nimekosa kwa kupakia watoto kwenye lori. Ilisema pia nimekosa kwa kutoleta timu asubuhi na kwa kuendesha mchezo jioni.

"Lori nakubali," nikamwambia. "Lile nilikosa. Nipe karatasi niandike ya lori peke yake, sasa hivi, nitaomba radhi kwa moyo wote. Hayo mengine mawili sikukosa."

"Barua ni moja, Wakio."

"Basi sina barua."

Alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono, akasema pole na safari. Nadhani na yeye ilimuuma. Kesho yake wasichana walikuwa shuleni, kwa hiyo hakukuwa na kuagana kokote kwa kupigia picha. Mama Upendo alinijazia begi parachichi, na kwa kuwa pete zimebaki kwenye zile nguzo zilizopinda, nafasi ilikuwepo. Safari ya kurudi sikumbuki mengi. Kitonga ilikuwa wazi na tulipita bila kusimama.

Sasa mmejua. Wiki iliyopita nilikwenda tena kwa mwalimu mkuu wa ile shule ya kwanza. Aliuliza cheti. Nikasema sina, na nikamweleza kwa nini sina, habari yote, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema habari ni nzuri ila uwanja wa shule ni wa makocha wenye vyeti. Haya. Ng'ambo ya reli kuna kiwanja kisicho na mwenyewe. Jana nimeng'oa miba, nimepima mistari kwa kamba, na fundi anachomelea pete nyingine. Safari hii sijamsimamia.

Tunaanza Jumatatu saa kumi. Mwenye binti amlete, na shule ikitaka kuja kutazama, ije isimame na wazazi. Wakija wasichana saba, vizuri. Wakija sita, napiga filimbi.